Frampeni ya porini na ya nyumbani, nichukue ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi mrina asali, natokea Sikonge, tukiingia porini tunakaa wiki mbili mpaka tatu na kupika ni kwenye mafiga. Frampeni mbili zimenifia ndani ya mwaka, moja ile ya kutoshika imebanduka yote, nyingine ya alumini mpini umeng'oka. Sasa nataka ya chuma, niende nayo porini na nikirudi mke wangu aitumie kwenye gesi. Niangalie nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hizo mbili umezionea tu. Ule mpako wa kutoshika ukivuka nyuzi 260 hivi unaanza kuharibika, na moto wa kuni unafika huko hata maji ya chai hayajachemka. Alumini nayo inayeyuka kwenye nyuzi 660, ila inalainika mapema zaidi ya hapo, ndo maana ribiti zake zililegea mpini ukabaki mkononi.

Chukua chuma cheusi cha kawaida, sio stenlesi. Stenlesi haishiki kutu kweli na mchuzi wa nyanya haiogopi, lakini moto hausambai vizuri, inaunguza pale pale moto ulipo na yai linanasa.

Cha kwanza unene. Milimita 2 ni nyepesi kubeba kwenye pikipiki ila inapinda, mimi nakushauri 2.5 au 3, ya sentimita 28 itakuwa na kilo moja na nusu mpaka mbili hivi, utailaumu njiani tu ukifika utaisifu. Weka rula kwenye tako lake dukani, ukiona mwanga unapita chini ya rula irudishe. Mpini uwe chuma mtupu, umechomelewa au ribiti za chuma tatu, plastiki na mbao vitaungua. Kwa porini mimi napenda mpini wa bomba fupi, unachomeka kijiti unashika mbali na moto, ila mwambie fundi asizibe ncha zote mbili, hewa ikifungiwa humo ndani na ikapata moto bomba linaweza kupasuka. Na asikuwekee bomba wala bati la mabati, ile rangi ya fedha ni zinki, kwenye moto mkali inatoa moshi unaoumiza. Chuma cha mapipa ya zamani vilevile achana nacho kama hujui yalibeba nini.

Ukishaipata usikimbilie kukaanga. Ule ugamba wa kiwandani, ile ngozi ngumu inayokuja na chuma kipya, utoe kwa siki usiku mzima halafu msasa, osha, kausha jikoni mpaka iwe ya moto. Sasa paka mafuta ya alizeti kidogo kabisa na kitambaa, halafu yafute kama vile umekosea kuyapaka, weka motoni mpaka ifuke na moshi uishe wenyewe. Itatoka kijivu iende kahawia, rudia mara nne tano itafika nyeusi. Najua mawese tunayo tele yanakuja na treni toka Kigoma, lakini kwa kazi hii hayafai, hayakauki yakawa ngozi ngumu kama alizeti, yanabaki yananata. Mawese subiri kukaangia samaki wa mgebuka.

Kosa moja nililofanya mwenyewe: nilikuwa na ya milimita 2, nikaitoa kwenye mafiga ina moto kweli nikaimwagia maji ya kisima, ikalia paa, tako likatumbukia chini, toka siku hiyo kwenye gesi inazunguka kama pia na mafuta yote yanakimbilia katikati. Nilijaribu kuigonga na nyundo juu ya gogo, ikarudi nusu nusu. Kwahiyo iache ipoe yenyewe, na kwenye gesi anza na moto mdogo.

Ndimu na nyanya usizichemshie humo muda mrefu, zinakula ile ngozi nyeusi. Ikishika kutu sio msiba, msasa halafu alizeti unaanza upya. Kuosha ni maji ya moto na brashi, kausha motoni, paka mafuta kidogo basi. Na mwambie shemeji mapema, maana akiiona nyeusi vile atajua ni masizi ataisugua na stilwaya mpaka ing'ae, halafu yai likinasa mtanilaumu mimi.