Ukitaka Kuzijua Katuni za Dunia, Fuata Mkono Uliozitengeneza

Wengi wetu tumekua na katuni za mataifa mawili, Marekani na Japani. Si kwamba mataifa mengine hayatengenezi, ila hayo mawili ndiyo yenye fedha na mtandao wa kuzifikisha filamu zao hadi kwenye televisheni ya sebuleni na kwenye kibanda cha video cha mtaani. Anayetaka kuvuka hapo mara nyingi hushauriwa achague nchi: leo Ufaransa, kesho Korea, keshokutwa Brazili. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu filamu mbili za nchi moja zinaweza zisifanane kwa lolote, ilhali filamu mbili zilizotengenezwa kwa mkasi na karatasi, moja Berlin na nyingine Paris, hutambuana kama ndugu. Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi humwambia aangalie kwanza filamu imetengenezwa kwa nini: karatasi, wino, vikaragosi au kompyuta. Akishaipenda mojawapo ya njia hizo, itamvusha mipaka yenyewe.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna suala la lugha. Katika nyumba kama yetu, ambapo kwenye mkeka mmoja anaketi bibi asiyesoma Kiingereza, mtoto ambaye hajajua kusoma chochote na kijana anayejifanya ameelewa kila kitu, maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini hayamfai kila mtu. Mwishowe mmoja wetu hugeuka msimulizi, kama wale wasimulizi wa vibandani wanaoweka sauti yao juu ya sauti ya filamu, na bibi anatazama filamu ya msimulizi badala ya filamu ya aliyeitengeneza. Ndiyo maana napendekeza kuanza na filamu zisizo na maneno kabisa.

Ya kwanza ninayoitaja siku hizi ni Flow, ya mwaka 2024, iliyoongozwa na kijana wa Latvia aitwaye Gints Zilbalodis. Paka mmoja anakumbwa na mafuriko yanayofunika dunia isiyo na watu, anajikuta ndani ya mashua pamoja na wanyama ambao katika hali ya kawaida asingewakaribia, na kuanzia hapo hadi mwisho hakuna neno hata moja linalotamkwa. Wanyama hao hawacheki kama binadamu wala hawavai suruali: mbwa ana tabia za mbwa, lemuri wa Madagaska anakusanya vitu vyake kwa uchoyo, na yumo hata karani-tamba, ndege yule wa mbuga zetu mwenye miguu mirefu, ambaye watoto wa nyumbani walimshangilia kama jirani aliyeonekana kwenye taarifa ya habari. Sauti zao ni za wanyama halisi, ingawa yule kapibara, mnyama mnene wa Amerika ya Kusini, alipewa sauti ya mtoto wa ngamia. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo, na mwaka 2025 ikachukua tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni mbele ya kampuni zenye bajeti kubwa mara nyingi zaidi. Ukiitazama na wenzako, nyamaza. Mwache bibi aseme yeye mwenyewe kwa nini ndege yule ameondoka. Maelezo yake huenda yakawa bora kuliko yako.

Baada ya hiyo unaweza kwenda kwenye La Tortue rouge ya mwaka 2016, ya Mholanzi Michael Dudok de Wit, kuhusu mtu aliyetupwa na bahari kwenye kisiwa, ingawa mwendo wake ni wa taratibu na watoto wadogo huichoka. Iko pia O Menino e o Mundo ya Alê Abreu wa Brazili, ya mwaka 2013, ambamo watu huongea Kireno kilichogeuzwa nyuma mbele, hivyo Mbrazili na Mtanzania wote huwa sawa mbele yake.

Sasa turudi kwenye suala la mkono. Filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote ambazo bado zipo haikutoka Marekani. Ilitengenezwa Ujerumani na mwanamke, Lotte Reiniger, na ikaonyeshwa mwaka 1926. Alikata watu, farasi na majini kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi, akaunga viungo vyao ili viweze kukunjwa, akawalaza juu ya kioo chenye mwanga kutoka chini, kisha akapiga picha moja, akasogeza kidole kidogo, akapiga nyingine, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji utangulizi wa hadithi yenyewe, kwa sababu imechotwa kwenye Alfu Lela Ulela: kuna mwanamfalme Achmed, farasi anayeruka angani, mchawi, na Aladini na taa yake. Vivuli vile havina nyuso, lakini hasira na mapenzi yao huonekana kwenye ncha za vidole. Filamu haina sauti ya mazungumzo, ila ina kadi za maandishi kati ya matukio, na hizo unaweza kuzisoma kwa sauti kwa Kiswahili bila kuharibu kitu.

Aliyependa vivuli vya Reiniger atafika kwa Mfaransa Michel Ocelot, ambaye naye ametengeneza filamu nyingi kwa vivuli vya karatasi, na kupitia kwake atajikuta Afrika. Ocelot aliishi utotoni nchini Guinea, na mwaka 1998 alitoa Kirikou et la Sorcière, filamu ya rangi iliyojengwa juu ya ngano ya Afrika Magharibi, yenye muziki wa Youssou N'Dour. Kirikou anazungumza akiwa bado tumboni, anamwambia mama yake amzae, naye anamjibu kuwa mtoto anayeweza kuongea tumboni anaweza kujizaa mwenyewe, basi anajizaa. Sijaona mtoto aliyelelewa kwa hadithi za sungura na fisi ambaye hakumwelewa papo hapo. Nawatahadharisha wazazi kwamba wanawake wa kijiji kile wako vifua wazi na Kirikou mwenyewe yuko uchi, jambo lililowapa shida wasambazaji wa Ulaya na Marekani. Kwangu hakuna aibu ndani yake, kwani hivyo ndivyo kijiji cha zamani kilivyokuwa. Lakini kama mzee wa nyumba ni mkali, ni vizuri ajulishwe kabla, asije akazima televisheni katikati.

Kwenye wino, tafuta filamu fupi ya studio ya Shanghai ya mwaka 1960 kuhusu viluwiluwi wanaomtafuta mama yao, iliyoongozwa na Te Wei kwa kufuata michoro ya mchoraji wa Kichina Qi Baishi, ambayo wino wake unaonekana kama umetoka kudondokea karatasi sasa hivi. Kwenye vikaragosi, mkubwa wao ni Jiří Trnka wa Chekoslovakia. Filamu yake ya mwisho, Ruka, yaani “mkono” kwa Kicheki, ya mwaka 1965, inamhusu mfinyanzi anayetaka tu kutengeneza vyungu vya ua lake, huku mkono mkubwa uliovaa glavu ukimlazimisha afinyange sanamu ya mkono. Serikali ya huko iliielewa vizuri, ikaipiga marufuku baadaye.

Filamu fupi zina faida nyingine ambayo wenye simu wataielewa: hazimalizi bando. Dakika kumi za Yuri Norstein wa Urusi, Yozhik v tumane ya mwaka 1975, hugharimu data kidogo kuliko video za utani tunazotumiana asubuhi kwenye makundi ya familia. Kalunguyeye anakwenda kwa rafiki yake dubu ili wahesabu nyota, anabeba jemu, anapotea ukunguni, na kwa kweli hakuna zaidi ya hayo. Ukungu wenyewe ni karatasi nyembamba sana iliyowekwa juu ya picha na kuinuliwa polepole kuelekea kamera. Nimewaonyesha hili vijana waliodhani kwamba bila kompyuta ghali hawawezi kuanza chochote. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada nayo imeweka filamu zake nyingi kwenye tovuti yake bila malipo. Anza na Neighbours ya Norman McLaren, ya mwaka 1952, ambamo majirani wawili, watu halisi waliopigwa picha moja moja kama vikaragosi, wanapigana kwa sababu ya ua moja.

Juu ya umri, usimwamini mtu anayekwambia kuwa katuni ni katuni. Tarehe 16 Aprili 1988 studio ya Ghibli ya Japani ilitoa filamu mbili kwa siku moja. Moja, Tonari no Totoro ya Hayao Miyazaki, unaweza kumwachia mtoto wa miaka minne na ukaenda kupika. Nyingine, Hotaru no haka ya Isao Takahata, inafuata watoto wawili wa Kobe waliofiwa na mama yao kwa mabomu ya vita, nami simwonyeshi mtoto mdogo, na hata mtu mzima namshauri asiitazame usiku akiwa peke yake. Itazame kwanza wewe.

Wala usisahau Afrika yenyewe, ambako, kwa sababu nisiyoijua, waanzilishi walipenda sana vyura. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza Bon voyage, Sim mwaka 1966, kuhusu rais wa jamhuri ya vyura anayekwenda ziara ya kikazi nchi jirani, dhihaka ambayo haijazeeka hata kidogo. Mkongomani Jean-Michel Kibushi alianza mwaka 1991 na hadithi ya chura aliyekwenda ukweni. Karibu zaidi na sisi, mkusanyo wa Kizazi Moto wa mwaka 2023 una filamu fupi kumi, zikiwamo ya Mkenya Ng'endo Mukii na ya Mganda Raymond Malinga yenye wachungaji wa ng'ombe wa siku zijazo. Ubora wake unapanda na kushuka, lakini ya Malinga huirudia.

Unapotafuta filamu hizi mtandaoni, andika jina la asili na jina la mwongozaji, kwa sababu majina ya Kiingereza hukuletea vipande vilivyokatwa na watu wanaosimulia juu yake. Ukiona filamu imewekwa na studio yenyewe, kama Soyuzmultfilm inavyofanya na kazi zake za Kirusi, chagua hiyo, kwani picha yake ni safi na mara nyingine ina tafsiri. Ukishapenda moja, fungua orodha ya washindi wa tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa, linalofanyika tangu mwaka 1960, umtafute mwongozaji huyo huyo humo, kisha angalia ni nani alishindana naye mwaka ule.