Wa jikoni na wa mapokezi hawasemezani: nifanyeje?

Dada yangu, umesema wafanyakazi wenu 14 wa hoteli hapa Lamu wamegawanyika, jikoni na mapokezi hawasemezani, na semina ya mwaka jana watu walisinzia. Pole sana. Safari hii watoe nje.

Kodisheni mashua ya tanga mwende magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Muulizeni nahodha saa za maji kujaa, kwani mkondo wa kwenye mikoko haupitiki maji yakitoka. Na msikae kama abiria! Mwombeni awagawie kazi. Foromali, ule mti unaobeba tanga, haipandi kwa mtu mmoja: mpishi na wa mapokezi watavuta kamba moja, na upepo ukikaza wote wahamie upande unakotoka upepo chombo kisilale. Wewe meneja vuta pia.

Baadaye pikeni ufuoni wali wa nazi na samaki. Wapishi waelekeze tu. Wa mapokezi ndio wakae kwenye mbuzi wakune nazi. Hapo ndipo mazungumzo huanza, nimeyaona.

Anayeogopa bahari asilazimishwe, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Tena iwe siku ya kazi yenye malipo, si Ijumaa, wala si siku yao ya mapumziko.