Chimba shina kwanza, dukani utaenda baadaye

Mvua ikikata siku kumi mahindi yakiwa magotini, mashamba mawili yanayopakana hayanyauki sawa. Mbegu moja, tarehe moja ya kupanda, lakini la huku limesokota majani saa nne asubuhi na la kule linavumilia mpaka saa nane mchana. Mara nyingi jibu liko chini, na bila koleo hulioni.

Chagua shina la wiki tano au sita. Usiling'oe. Zamisha koleo sentimita 20 kutoka kwenye shina, pande zote, inua bonge zima, kisha ulitikise taratibu. Mzizi wenye afya hutoka umevaa soksi ya udongo: chembe zimenasa kwenye vinyweleo kwa ute wa mzizi wenyewe na wa bakteria wanaouzunguka. Ncha kuwa tupu ni kawaida. Lakini mzizi wote ukitoka mweupe kama uliooshwa, hapo pana shida: udongo ukikauka na kujivuta, mzizi huo unabaki unaning'inia kwenye uwazi, haugusi maji. Kipimo hiki usikifanye mara baada ya mvua kubwa. Udongo wa mfinyanzi mbichi hung'ang'ania chochote, hata koleo.

Kupita hapo ndipo penye kuvu wa mikoriza, yaani kuvu wanaoishi kwa kushirikiana na mizizi. Nyuzi zao ni nyembamba kuliko vinyweleo, zinapenya vitundu ambavyo mzizi hauwezi, zinaleta maji na hasa fosforasi. Fosforasi haisafiri udongoni. Mzizi ukishakomba iliyo karibu nao, umekwama. Mmea huwalipa kuvu kwa sukari, na ni bahili: ukiumwagia DAP nyingi, mbolea yenye fosforasi, unaacha kulipa, kuvu wanapungua. Kulima mara kwa mara kunakata nyuzi, na shamba likikaa wazi msimu mzima kuvu wanakosa chakula, kwa sababu hawaishi bila mzizi hai. Kabichi, sukumawiki na mchicha kwa kawaida haviwapokei. Ndiyo maana mahindi yakifuata kabichi huweza kuanza kwa unyonge, majani yana zambarau kwa kukosa fosforasi, hata kama shamba lina mbolea. Pitisha kunde au mtama katikati.

Kununua mikoriza ya kopo kwa shamba la mahindi ni kutupa hela, kwa maoni yetu. Wamo tayari, wanataka kulishwa tu. Kitalu chenye udongo uliochomwa au kuchemshwa ni habari nyingine, maana humo wameshakufa.

Kuna na bakteria wanaosaidia kwa njia ya ajabu kidogo. Mmea wenye kiu hutengeneza ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi ulizozifungia, na ikizidi mizizi hudumaa. Baadhi ya bakteria wa mizizini hula malighafi ya gesi hiyo, mzizi ukaendelea kufuata maji. Chakula chao ni sukari ya mizizi na mboji: viganja viwili vya samadi iliyooza kila shimo, na mabua juu ya ardhi. Juu, si ndani. Ukifukia mabua makavu, vijidudu vinavyoyaozesha vitanyang'anya mahindi naitrojeni, na utaona umanjano.

Pa kutoa hela bila wasiwasi ni rizobia, bakteria wa mizizini wanaoipatia mikunde naitrojeni kutoka hewani, hasa kwa soya kwenye shamba ambalo halijawahi kuoteshwa soya. Kunde na karanga kwa kawaida hujipatia wao udongoni, soya nyingi hazijipatii. Angalia pakiti imeandikwa soya; ya maharage haifanyi kazi kwake. Angalia tarehe ya mwisho, na usinunue iliyokaa juani au chini ya bati la moto, kwa sababu ndani mna viumbe hai. Pakiti nyingi za gramu 100 zinatosha kilo 10 hadi 15 za mbegu. Koroga gundi ya pakiti, au sukari, kwenye maji kiasi cha chupa ndogo ya soda, nyunyizia mbegu, kisha changanya unga wa rizobia mpaka kila punje iwe nyeusi. Maji yakizidi, maganda ya soya yanabanduka. Fanya kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie papo hapo. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu inaweza kuwaua bakteria hao. Mbolea ya fosforasi kama TSP au Minjingu weka, ila isigusane na mbegu. Urea acha: soya ikipata naitrojeni ya bure haiwatafuti bakteria.

Soya ikianza kuchanua, chimba tena na upasue kwa wembe vinundu, vile vijifundo vya mizizini wanamoishi rizobia. Wekundu kama wa nyama mbichi ni kazi inayoendelea. Kijani au kijivu ni vilivyochoka. Vyeupe kwa wakati huo, bakteria wamo lakini hawazalishi. Usivichanganye na uvimbe wa minyoo fundo, minyoo wadogo wanaoshambulia mizizi: kinundu ukikisugua kwa kidole kinabanduka, uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba na hautoki. Kama vinundu havipo kabisa na pakiti ilikuwa nzima, pima asidi ya udongo. Chini ya pH 5 rizobia hupata taabu, na hapo fedha ya pakiti inayofuata inunue chokaa kwanza.