Chotara wa husky kutoka kituo cha kuokoa mbwa: kwa aliyeuliza kama ataweza kuishi Moshi

Mkuu, umeuliza kama yule chotara wa husky (mbwa wa manyoya mazito mwenye asili ya Siberia, kwenye baridi kali) uliyemwona kwenye kituo cha kuokoa mbwa huku Arusha ataweza kuishi Moshi, na waliotangulia kujibu wamekukatisha tamaa kwa sababu ya joto. Mimi naishi Sakina, ninaye wa aina hiyo hiyo: mama mbwa wa kienyeji, baba husky, nilimchukua kituoni akiwa ameshakua. Anaitwa Jimi, jicho moja la bluu na jingine la kahawia (na hilo la bluu linaona vizuri kabisa, maana kila mtu huuliza). Kwa maoni yangu joto la Moshi linamudika. Kitakachoamua kama atakaa vizuri kwako ni uzio, kuku wa majirani, na nani hapo nyumbani atakayeamka kumtembeza.

Joto kwanza, ili tulimalize. Moshi mjini iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha kama 1,400, kwa hiyo Januari na Februari mnalisikia kuliko sisi. Mbwa hapoi kwa jasho kama binadamu, anapoa kwa kuhema. Anahitaji kivuli cha uhakika, maji muda wote, na sakafu ya saruji au udongo wenye unyevu wa kulalia mchana. Banda la bati lisilo na dari usimfungie humo jua likiwa kali. Matembezi yawe alfajiri au jua likishazama. Ukiona anahema kupita kiasi, mate yamekuwa mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana na anayumba, hapo hapo mlowanishe mwili mzima kwa maji ya bomba, mpepee, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 uhai wake uko hatarini.

Na tafadhali usimnyoe, hata fundi akikwambia utamsaidia. Manyoya yake yana matabaka mawili, la ndani laini kama pamba na la nje refu zaidi. Lile la nje linamkinga na jua, na likinyolewa linaweza lisirudi lilivyokuwa. Dawa ni kumchana. Msimu wa kupukutisha ukifika, unapitisha chanuo mgongoni mara moja meno yanajaa, unatoa furushi la kijivu, unarudia pale pale, linajaa tena. Nyumba nzima inajaa manyoya, na kama mna mtu mwenye pumu ndani, lifikirieni mapema.

Sasa yale mazito. Husky alifugwa na Wachukchi, wenyeji wa Siberia kule Urusi, kwa kuvuta sleji, yaani mkokoteni usio na magurudumu unaoteleza juu ya theluji. Mwaka 1925 mji wa Nome kule Alaska ulipopatwa na dondakoo, dawa ilifikishwa na mbwa wa namna hii wakipokezana, zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku zisizofika sita. Chotara wako amerithi sehemu ya miguu hiyo. Ukimfuga kwa desturi yetu, mchana kafungwa bandani, usiku kafunguliwa azunguke uani, nguvu ile itatokea kwenye kuchimba, kutafuna milango na kulia. Jimi anatembea alfajiri karibu saa nzima, jioni tena, na siku akikosa nyumba nzima inajua.

Uzio wangu ni wa michongoma kama wa watu wengi huku. Michongoma inazuia ng'ombe na inamtisha mwizi, lakini chini ya mashina kuna uwazi, na mbwa huyu hana haja ya kuruka wakati anaweza kupita chini. Kituo walikuja kukagua kabla ya kunikabidhi, wakatembea ukingo mzima wameinama, wakaniambia wazi kwamba bila kuziba chini hawanipi mbwa. Niliwaheshimu sana kwa hilo. Fundi alichimba mtaro, akazika wavu mzito wa chuma futi moja na nusu hivi ardhini, juu yake mawe. Chini ya geti aliweka zege. Wewe kama una ukuta wa tofali umeshapunguza gharama kubwa.

Kuku nao. Majirani zetu wana kuku wa kienyeji wanaozurura, na husky ana silika ya kuwinda ambayo hata mafunzo mazuri hayaifuti. Dalili yake uijue: anakuwa kimya ghafla, kichwa kinashuka usawa wa mabega, masikio mbele, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani. Hapo usimwite kwanza, fupisha kamba kwanza. Nje ya geti langu Jimi hafunguliwi kamba, iwe kuna kuku au hakuna. Kuku wa jirani akiuawa unalipa, na hata ukilipa ule ujirani haurudi kirahisi, hasa kama ni wa mama anayetegemea mayai.

Kuhusu majirani kuna jambo jingine ambalo sijaona mtu akiligusa. Husky habweki sana, analia kwa sauti ndefu, na adhana au kengele ya kanisa inaweza kumchochea. Nilipita nyumba za karibu kabla hajaja nikaeleza, na jirani yangu Mwislamu akaniomba nisimruhusu amrambe au aguse nguo zake za swala. Ni ombi la haki kabisa. Tukikutana njiani namvuta upande wangu, tunasalimiana, tunaendelea.

Kama lengo lako ni mlinzi, mwache. Wengi wa mbwa hawa wanampokea mgeni kwa furaha, na mwizi naye ni mgeni.

Kupe ndiyo vita ya kila siku kwa manyoya mazito. Ingiza vidole hadi kwenye ngozi: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe huambukiza babesia na ehrlichia, magonjwa yanayoshambulia damu, na mbwa akikataa chakula, ana homa, ufizi umepauka au mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, ni daktari siku hiyo hiyo. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukadiria kwa kifuniko, watu wameua mbwa hivyo. Upulizie pia nyufa za banda, kupe wa mbwa wanazaliana humo.

Chakula kinanigusa sana kwa sababu hapa mazoea yetu yanagongana na mbwa huyu. Hali chakula kingi, utashangaa, ila ugali wa dona kila siku haumtoshi. Nafaka nyingi hupunguza madini ya zinki yanayofyonzwa na mwili, na husky wana udhaifu unaojulikana wa ngozi unaotokana na upungufu huo: magamba makavu kuzunguka macho na mdomo. Mimi nafanya nyama iwe nyingi kuliko ugali, mapupu na moyo kutoka bucha, na dagaa waliooshwa mchanga. Vitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Ukiona magamba hayo, usinunue vidonge vya zinki mwenyewe, vikizidi ni sumu. Mpeleke apimwe.

Nenda kituoni na familia yote, watoto wakiwemo. Omba umtembeze kwa kamba nje ya geti lao, umpitishe palipo na kuku, uone. Waulize alitokea wapi, kama amewahi kufungwa mnyororo muda mrefu, kama amehasiwa, na wakuonyeshe kadi ya chanjo yenye tarehe ya kichaa cha mbwa. Siku za mwanzo anaweza kujificha asile, mwachie nafasi yake.

Tuambie uzio wako ni wa nini na urefu gani. Kama ni michongoma, nitakuwekea hapa vipimo vya ule wavu na jinsi fundi alivyoufunga kwenye mashina.