Wadogo zangu wa sola, maski iko kwenye droo

Jana nilimkuta mmoja wenu anaipiga picha skrini kwa simu: seli ya sola ya plastiki, P3HT (polima inayonyonya mwanga) na PCBM (inayopokea elektroni), ufanisi asilimia 6. Nikatazama kwenye kishikio, kioo kiko uchi chini ya taa, hakina maski, kile kibati chenye tundu kinachoachia mwanga kwenye eneo la seli tu. Nikaenda zangu kunywa chai. Leo nasema.

1. Vioo vya ITO (tabaka angavu linalopitisha umeme) vioshwe hatua zote: sabuni, maji safi, asetoni, isopropanoli. Vumbi la Dodoma halijali kama una wasilisho kesho. Punje moja tu inatoboa tabaka la nanomita 100 na seli inapiga shoti.

2. PEDOT:PSS, ile polima inayopitisha umeme tunayoipaka juu ya ITO, ichujwe, kisha ikaushwe kwelikweli. Inanyonya unyevu, na msinidanganye kwamba hapa ni pakavu, Januari je?

3. Maski. Hapa mnivumilie. Nikiwa mgeni kama ninyi nilipata miliampia 15 kwa sentimita ya mraba kutoka P3HT, ambayo kawaida yake ni kama 10. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimpigia profesa usiku, nikatengeneza slaidi, nikatangaza mpaka nyumbani. Mama akauliza kama sasa tutaacha kununua luku. Siku ya semina mzee mmoja wa idara nyingine akauliza: eneo umelipimaje? Nikajibu kifua mbele: pale elektrodi ya alumini inapopishana na ITO. "Na mwanga ulianguka wapi?" Kimya. Ulianguka kioo kizima! PEDOT ilikuwa inapitisha umeme kwa ubavu, inazoa chaji za nje ya elektrodi na kuniletea, nami nagawanya kwa kale kaeneo kadogo. Niliporudia na maski, 15 ikawa 9. Slaidi nilizifuta, ila mama bado anaulizia luku yake.

4. Taa inayoigiza jua isawazishwe kwa seli rejea ya silikoni, hasa umeme ukikatika na kurudi. Na asitoke mtu na seli uani saa sita mchana eti jua lipo la bure. Kipimo ni wati 1000 kwa mita ya mraba, spektra sanifu ya jua iitwayo AM1.5G, si wingu likipita unasubiri.

5. Mmesoma kwamba Y6 (mpokea elektroni wa kisasa) pamoja na polima PM6 ilifika asilimia 15.7 mwaka 2019, basi P3HT mnaiona ushamba. Sawa. Ila P3HT ukiimwaga nitanuna tu. Kachupa ka PM6 kakikuponyoka, fomu ya kuagiza kengine utaijaza mwenyewe, na kwa profesa utaipeleka mwenyewe.