Iingize Harusini Kabla Hujainunua: Kamera Moja ya Picha na Video Hapa Lamu

Wiki iliyopita binti mmoja wa Shela alinikuta barazani kwetu Langoni, simu mkononi, na kwenye simu jedwali la kamera nne zisizo na kioo ndani (mirrorless): megapikseli, 4K, bei, nyota za wanunuzi. "Dada, nambie, ipi iliyo bora?" Anataka kuanza kazi ya harusi, upande wa wanawake, na pesa aliyo nayo ni ya kamera moja tu. Hiyo hiyo ipige picha, hiyo hiyo irekodi video. Nikamwambia asinunue yoyote kwanza. Akodi moja kwa siku tatu, aingie nayo harusini, apite nayo vichochoroni na pwani, kisha aje tutazame alicholeta.

Nasema hivyo kwa kuwa kamera yangu ya kwanza ya aina hii niliichagua kwa jedwali. Picha zake zilikuwa safi, hapo sina la kuisema. Lakini usiku wa kupamba, bibi harusi ametolewa, vigelegele vimepaa, mama yake ndiyo kwanza anamwendea, skrini ikaonyesha alama ya joto na kamera ikazimika. Dakika ile haikurudi. Nilikwenda kwa familia ile siku ya pili nikawarudishia sehemu ya pesa yao, na hata leo nikipita mlangoni pao moyo hunishuka.

Kwa hiyo sasa naanza na joto. Video ya 4K ni fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, zenye pikseli (vitone vya picha) zaidi ya milioni 8, mara 25 kila sekunde, na kazi yote hiyo hufanyika ndani ya mwili mdogo ambao mara nyingi hauna feni. Najaza betri, naiweka kamera kivulini saa saba mchana, naiacha irekodi mpaka ikome yenyewe, naandika dakika. Nikishaipoza narudia juani. Tena angalia: kamera nyingi za miaka iliyopita hukoma kwenye dakika 29 na sekunde 59 hata zikiwa baridi. Sababu yake ni forodha ya Ulaya, iliyotoza kamera za video ushuru mkubwa kuliko za picha, nao watengenezaji wakaiwekea video mpaka. Ukinunua iliyotumika, uliza hilo kabla ya bei. Kisomo cha Maulidi hakingojei ubonyeze tena.

Jambo la pili ni taa, na hapa ndipo nimeona vijana wengi wakiharibu kazi bila kujua wamekosea wapi. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, inaona. Kamera iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huwa imepangwa kwa umeme wa kule, wa hezi 60: fremu 30 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde. Ukirekodi hivyo Lamu, mistari ya giza hutambaa juu ya uso wa bibi harusi, na kuiondoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi ngumu isiyokamilika. Ingia kwenye menyu, ubadilishe NTSC (mpangilio wa video wa nchi za hezi 60) iwe PAL (wa nchi za hezi 50), urekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50. Kwa taa za kawaida mistari hutulia. Zile taa ndogo za rangi zinazozungushwa jukwaani ni habari nyingine, maana nyingi zina mapigo yake zenyewe yasiyofuata umeme wa ukutani. Kamera nyingine zinakuruhusu kusogeza shata kwa hatua ndogo sana mpaka mistari ipotee, na kwa mtu wa harusi huo ni uwezo wa kulipia. Kwenye picha mnato pia usisahau: shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, nayo hutoa mistari chini ya taa hizo. Piga picha kumi kwa shata ya kimya na kumi kwa shata ya kawaida, uzikuze, utazame nyuso.

Ukiwa hapo hapo ukumbini jaribu fokasi, yaani kamera inavyolenga ili picha iwe kali. Mwache mtu akae kwenye kiti cha bibi harusi, usoni shela nyepesi, mbele yake chetezo cha udi kinatoa moshi, na wageni wanakatiza. Kamera inayotafuta fokasi kwa kulinganisha ukali wa picha peke yake huenda mbele, ikarudi nyuma, mpaka video inaonekana kama inahema. Yenye kupima awamu kwenye sensa yenyewe, yaani inayolinganisha mwanga wa pande mbili za lenzi ikajua iende wapi, hushika haraka na kutulia. Hata Panasonic, waliokuwa wamebaki na njia ya kwanza kwa miaka, walihamia ya pili mwaka 2023 kwenye Lumix S5 II. Jaribu pia aliyevaa nikabu, uone kama kamera inaliona jicho lenyewe au inashika kitambaa.

Sasa jambo ambalo hakuna jedwali litakalolisema. Kwenye harusi nyingi ninazofanya upande wetu, simu hukusanywa mlangoni. Aliyeachiwa kuingia na kamera ni mimi peke yangu, na hiyo ni amana. Kamera za siku hizi hupenda kujiunga na simu na kutuma picha zenyewe. Kabla sijavuka kizingiti nazima Wi-Fi na Bluetooth, na kamera ambayo menyu yake inaficha swichi hiyo siichukui. Pia nataka sehemu mbili za kadi za kuhifadhia picha, zikiandika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kazi ikiisha kadi moja namkabidhi mama wa bibi harusi usiku ule ule, ndani ya bahasha, na nyingine naiandaa nyumbani na mlango umefungwa. Kwangu sehemu mbili za kadi zina uzito kuliko megapikseli 45. Megapikseli 24 ni picha ya 6000 kwa 4000, inayochapishwa vizuri kwa upana wa sentimita 50, na chumba gani hapa Lamu chataka kubwa kuliko hiyo ukutani?

Vichochoroni nenda na lenzi pana. Mnajua wenyewe, punda akija na mzigo wa mchanga unabandika mgongo ukutani. Mita za kurudi nyuma hakuna. Ndiyo maana uulize kamera inakata kiasi gani cha ukingo inaporekodi. Sony A7 IV, kwa mfano, ni kamera nzuri yenye megapikseli 33, lakini kwa 4K ya fremu 60 inatumia sehemu ya katikati ya sensa, na lenzi yako pana ya milimita 24 inakuwa kama ya 36, inayoona eneo jembamba zaidi. Mlango wa nakshi ulioenea wote kwenye picha, kwenye video umekatwa miimo. Hapo hapo tembea polepole ukirekodi. Fujifilm X-T3 ya 2018 na X-T4 ya 2020 zina sensa ya megapikseli 26, na picha mnato zake zinakaribiana sana. Ila X-T4 ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili na X-T3 haina. Kwa mpiga picha ni tofauti ndogo. Kwa anayemfuata bibi harusi kwa miguu kutoka Mkomani mpaka kwa mumewe, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Tazama pia kanzu. Kichochoro giza, mwisho wake jua, na katikati mzee wa kanzu nyeupe na koti jeusi. Kama kanzu imekuwa karatasi tupu isiyo na mkunjo, taarifa hiyo imekwisha kupotea. Washa ile mistari ya pundamilia kwenye skrini, inayoonyesha palipozidi mwanga, ushushe mwangaza mpaka itoke kwenye kanzu, kisha uone kama uso wa mzee bado una rangi yake.

Pwani ni kwa ajili ya mambo mawili. Jahazi likipita, lifuate kwa kamera haraka kutoka kushoto kwenda kulia. Sensa nyingi husoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ikiwa inasoma polepole mlingoti utalala ubavu ilhali umesimama wima. Niliwahi kumwonyesha nahodha mmoja wa Matondoni video ya chombo chake. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, mlingoti wangu una nini?" Tangu siku ile nalipima hili kwa kila kamera. Baki mpaka magharibi urekodi mbingu. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, ya biti 10 ina 1024. Ukitaka kurekebisha rangi baadaye, ya biti 8 itakupasulia machweo vipande vipande kama ngazi za dari.

Lakini kama ningeambiwa nichague jaribio moja tu, ningechagua kuhama. Harusi haikwambii "sasa picha, sasa video". Inakurukia. Naweka kamera kwenye picha, 1/500, napiga watoto wanakimbia. Ghafla kirumbizi, ngoma ya fimbo, kimeanza, nataka video ya 1/50. Je, nikihama kamera inakumbuka kila upande ulivyokuwa, au inabeba 1/500 yangu mpaka kwenye video, fimbo zikaonekana zinarukaruka? X-T4 na A7 IV zote zina swichi ya kutenga picha na video, na kila upande unaweza kubaki na mipangilio yake. Hesabu mwenyewe sekunde kutoka picha ya mwisho mpaka fremu ya kwanza ya video iliyo sawa. Zikizidi tano, mimi naiacha.

Juani kuna kikwazo zaidi. Saa sita mchana gatini, kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kuitikia mwanga) na tundu la lenzi la f/16, ambalo ni dogo, shata ifaayo ni karibu 1/100. Wewe unataka 1/50 kwa f/2.8, tundu pana, ili nyuma kulainike. Mwangaza umekuzidi mara 64, kwa hiyo lazima uvalishe lenzi filta ya kupunguza mwangaza, na ukirudi kwenye picha uivue. Nunua inayozungushwa kuongeza au kupunguza giza lake, na bei yake uihesabu pamoja na kamera.

Wateja huniuliza, si utoe tu picha kwenye video? Fremu ya 4K ni kama megapikseli 8, kwa kuitazama simuni inatosha. Ila imepigwa kwa 1/50: mkono uliopunga umetoka na ukungu. Ndiyo sababu nahitaji kamera inayofanya kazi zote mbili kweli kweli, si ya video inayokopesha picha.

Sauti sitaisema sana. Iwe na tundu la maiki na tundu la kusikilizia. Bila la pili utagundua upepo wa kusi umekula taarabu ukishafika nyumbani.

Kadi nazo hesabu kabla. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa, na kadi ya V30 (alama ya kasi ya kuandika) inatosha. Ya megabiti 400 hula 180, nayo inataka V60 kwenda juu. Mara nne ya kadi, mara nne ya diski ya kuhifadhia. Binti wa Shela hakuwa ameiweka hesabu hiyo kabisa.

Na chumvi. Hewa yetu inaingia kila ufa. Ukitoka pwani usibadilishe lenzi njiani. Futa mwili kwa kitambaa kilichoguswa maji matamu, kisha kikavu, uiweke kwenye kasha linalofunga lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Nimeona lenzi nzuri zimeota ukungu ndani kwa kufungiwa kabatini tu.

Jana binti amerudi. Amekodi ile ya bei ya pili, ameingia nayo kupambani kwa binamu yake. Tukatazama kwenye kompyuta: ngozi nzuri, hina inaonekana mpaka ncha za vidole, fokasi haikuyumba moshi ulipopita. Lakini usoni kulikuwa na mistari. Nikafungua menyu, ilikuwa NTSC. Tumeibadilisha, na leo usiku anaingia nayo tena harusini, akiwa na betri mbili na daftari la kuandika dakika.