Ratiba ya ruta inafunga asubuhi na kuacha wazi usiku: je, mtoto ameichezea?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chumbageni, Tanga. Mkubwa ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Tuna kompyuta ya mezani ya mtumba sebuleni, na amekuwa akikesha nayo. Nikaingia kwenye ruta, nikaweka ratiba intaneti iwe wazi kuanzia 9:00, anapotoka shule, hadi 3:00 usiku. Tangu hapo mambo yamezidi kuharibika. Usiku wa manane namkuta anaangalia video, intaneti ipo kama kawaida. Mimi nikiamka saa kumi na moja alfajiri, simu yangu haipati mtandao kabisa. Baba yake anasema mtoto ameichezea ruta, mwenyewe anaapa hajaigusa. Simu yake tumemnyang'anya, hii wiki ya pili, na hali ni ileile. Tena umeme ukikatika, kompyuta ikiwashwa inaonyesha mwaka 2012 na tovuti hazifunguki. Nifanye nini ili saa tatu usiku pafungwe kweli?

JIBU: Mama, pole. Kabla hatujaingia kwenye ufundi, naomba nikuambie jambo moja na umfikishie na baba yake: kwa maelezo uliyonipa, kijana anasema kweli. Kukesha amekesha, na hilo ni lake aulizwe. Ruta hajaigusa.

Ushahidi umeuandika mwenyewe. Ruta haijui saa zetu za Kiswahili. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, yenyewe inaanza saa sita usiku na kwenda hadi 24. Ulipoandika 9:00 ulikuwa na saa tisa alasiri kichwani, ruta ikasoma saa tatu asubuhi. Ulipoandika 3:00 ulikusudia saa tatu usiku, ruta ikasoma saa tisa usiku. Kwa hiyo imekutii neno kwa neno: imefungua saa tatu asubuhi, ikaacha wazi mchana kutwa na usiku karibu wote, ikafunga saa tisa usiku. Wewe unayeamka saa kumi na moja unaukuta mlango umefungwa, na yeye wa saa saba usiku anaukuta uko wazi. Na kama ingekuwa anaazima intaneti kutoka kwenye simu yake, ungeiona imekoma tangu mlipoichukua hiyo simu.

Hili nakutana nalo sana hapa Ngamiani, hata kwa watu waliosoma. Kwa hiyo nitakupa hesabu yake, uibandike ukutani karibu na ruta. Saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa za usiku, kuanzia saa moja hadi saa tano, ongeza 18. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, toa 6. Saa tisa alasiri inakuwa 15:00. Saa tatu usiku inakuwa 21:00. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Andika 15:00 hadi 21:00.

Lakini usiishie hapo, maana ratiba sahihi juu ya saa mbovu haina maana. Ukiwa ndani ya ruta, tafuta ukurasa wa tarehe na saa, uangalie eneo la saa ililowekewa. Sisi tuko saa 3 mbele ya GMT, na kwenye orodha nyingi utaona jina la Nairobi, hilo ndilo letu. Ruta ikibaki kwenye GMT yenyewe, hiyo 21:00 itafika hapa kwetu ikiwa saa sita usiku, na utarudi kumlaumu mtoto. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi zinaanza na tarehe ya kiwandani, kisha zinaiuliza saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Bando likiwa limeisha, hakuna wa kuziambia, na ratiba inakwenda kombo mpaka uunganishwe tena. Kwa hiyo umeme ukikatika, baada ya kurudi angalia saa ya ruta kwanza.

Kompyuta nayo ina ugonjwa wake, tofauti na wa ruta. Huo mwaka 2012 unatokana na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu ndani ya kasha, aina ya CR2032, ya volti 3, umbo kama sarafu. Ndiyo inayotunza saa wakati hakuna umeme. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau mwaka. Tovuti hazifunguki kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe za kuanza na kuisha, na kompyuta inayojiona iko 2012 inaviona vyote havijaanza. Chomoa waya wa umeme kabisa, fungua kasha, toa betri ya zamani, weka mpya maandishi yakiangalia juu, kisha rekebisha tarehe, saa na eneo la saa. Mashine za mtumba nyingine hufika zikiwa bado na saa za nchi zilikotoka, kwa hiyo usilipite hilo eneo la saa. Ukiiona mashine ina saa ya Dubai, ipo saa moja mbele yetu, itafunga saa mbili usiku na mtoto atalalamika kwa haki.

Sasa kufunga kwenyewe. Mimi siipi ruta kazi yote. Inazuia intaneti tu. Filamu zilizo kwenye flashi na michezo iliyokwisha kupakiwa haziihitaji. Halafu mitandao ya simu huuza bando la usiku kwa bei nafuu, na simu moja ya rafiki au ya mjomba aliyelala sebuleni inatosha kuirusha intaneti hadi kwenye kompyuta, ruta isijue. Kizuizi chenye nguvu kiweke kwenye kompyuta yenyewe.

Kwenye Windows mfungulie kijana akaunti yake ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Ya msimamizi ibaki yako, na neno lake la siri lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote nyumbani. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa: mtoto ndiye msimamizi wa mashine kwa sababu ndiye aliyeiwasha siku ya kwanza. Akaunti ya kawaida haiwezi kubadilisha saa ya kompyuta, wala kuondoa vizuizi ulivyoweka.

Kisha fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike mstari huu, ukiweka jina la akaunti yake mahali pa juma:

net user juma /times:M-F,15-21;Sa-Su,9-21

Maana yake Jumatatu hadi Ijumaa aingie saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, na Jumamosi na Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi. Amri hii inakubali saa kamili tu, nusu saa haiijui. Iandike kwenye Command Prompt, si PowerShell, ambalo ni dirisha jingine la amri, maana PowerShell inaikata amri kwenye ile nuktamkato. Ukitaka kuiondoa, malizia na /times:all. Usiache patupu baada ya zile nukta mbili, utamfungia siku zote.

Ina upungufu mmoja mkubwa: inazuia kuingia, haimtoi aliyekwisha kuingia. Akiingia saa mbili na dakika hamsini, anaweza kukaa hadi asubuhi. Kwa hiyo ndani ya Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe kwa saa, ukiwa kwenye akaunti yako, tengeneza kazi mbili za kila siku. Ya 20:50 iendeshe shutdown /s /t 600, nayo itamtangazia kwenye skrini kwamba mashine itazimwa baada ya dakika 10, ahifadhi kazi zake. Mtoto mjanja anaweza kuisitisha hiyo, ndiyo maana ya pili, ya 21:05, iwe shutdown /s /f /t 0, isiyosubiri mtu. Weka kila kazi iendeshwe hata kama wewe hujaingia kwenye akaunti yako.

Kama unapenda kusimamia kupitia simu yako, Microsoft wana Family Safety ya bure ya kupanga saa za mtoto kwa Windows 10 na 11. Inataka wewe na yeye mwe na akaunti za Microsoft. Kwa nyumba ambayo bando linakuja na kuondoka, mimi nachagua ile amri.

Milango miwili ya nyuma imebaki. Weka neno la siri kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, asiende kubadilisha saa huko kabla Windows haijawaka. Na ruta ihamishie chumbani kwenu, kwa sababu ina kitufe kidogo ambacho kikibonyezwa kwa pini kwa sekunde kadhaa kinafuta mipangilio yote, ratiba yako ikiwemo. Neno la siri la kiwandani libadilishe leo, mara nyingi limechapishwa chini ya ruta na mtoto anaweza kulisoma.

Kuhusu saa uliyochagua, sina cha kubishana nawe. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unawataka vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Kama naye huamka saa kumi na moja kama wewe, saa tatu usiku ndiyo mwisho wa kufika hizo 8.

Mwambie mapema kabla hujaanza kufunga, umwonyeshe ile hesabu ya kuongeza na kutoa, na ukiweza mwache abadilishe ile betri mwenyewe wewe ukiwa pembeni. Na simu yake, mama, mrudishieni leo akitoka shule, na baba yake awepo.